Mali Bila Daftari: Kumbukumbu za Mashabiki Wetu Zinafungiwa Karanga



Wiki mbili zilizopita, nilipokuwa nikisubiri gari katika kituo cha mabasi cha Kamembe, nilinunua karanga za faranga mia mbili. Mama aliyeniuzia alizimimina katika karatasi aliyoikunja kwa umbo la pembe, akanipa. Nilipomaliza kula niliikunjua karatasi ile ili niitupe mahali pake, maana mwalimu hana budi kutenda yale anayoyafundisha. Ilikuwa imechanwa kutoka katika daftari la shule. Juu yake paliandikwa kwa wino wa buluu: "Michango ya safari ya Kigali". Chini yake palikuwa na majina kumi na tisa, na mbele ya kila jina kiasi cha fedha: mia tano, elfu moja, mia tano, elfu mbili. Mbele ya majina mawili mwandishi alikuwa ameandika "bado". Mwishoni, chini ya mstari uliopigwa kwa rula, palikuwa na sentensi moja: "Zilizobaki zimepelekwa msibani kwa mwenzetu."

Nilirudi kwa yule mama, nikamwuliza karatasi ile aliipata wapi.

"Mwalimu, karatasi mimi ninanunua kwa kilo," alinijibu. "Hizi waliniletea vijana fulani, ni madaftari ya babu yao aliyefariki. Yalikuwa mengi. Mengi nimeshayamaliza."

Nilimwomba aniuzie yaliyosalia. Alicheka, akanipa kurasa kumi na moja, akakataa fedha. "Chukua tu, mwalimu, lakini kesho uniletee magazeti ya zamani." Kesho yake nilimpelekea magazeti.

Baadaye nilifahamu kwamba marehemu alikuwa miongoni mwa wale waliowakusanya mashabiki wa timu ya mji wetu, Espoir FC, kabla ya safari za mechi za ugenini. Alikuwa na sanduku la bati. Ndani yake mlikuwa na jezi za misimu tofauti, tiketi zilizofungwa kwa uzi, picha, filimbi na kadi. Baada ya matanga, madaftari yaliuzwa kwa kilo, ngoma ikanunuliwa na wanakwaya, na jezi zikawa matambara ya kuoshea pikipiki. Siwalaumu wajukuu. Hakuna aliyewaambia kwamba vitu vile vilikuwa na thamani. Lawama yangu naielekeza kwetu sisi wengine: sisi walimu, sisi viongozi wa vyama, sisi mashabiki tunaopiga kelele kila Jumamosi na kusahau kila Jumatatu.

Dai langu leo ni hili: chama cha mashabiki kisichotunza daftari lake, jezi zake na picha zake kinawadhulumu waliokijenga na watakaokirithi. Na katika mji kama wetu, uliopitia yale ulioyapitia, dhuluma hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana.

Neno moja, maana tatu

Tuanze na lugha, kwa sababu lugha ndiyo kazi yetu hapa. Neno "kumbukumbu" limetokana na kitenzi "kumbuka", na Kiswahili kimelipa maana zaidi ya moja. Kwanza, kumbukumbu ni yale yaliyohifadhiwa akilini: "Nina kumbukumbu nzuri ya siku ile." Pili, kumbukumbu ni kitu kinachotunzwa ili kumkumbusha mtu jambo: jezi, kombe, picha, sanamu. Tatu, kumbukumbu ni maandishi ya mkutano: "Katibu atasoma kumbukumbu za mkutano uliopita."

Wahenga wa lugha hii hawakukosea kuzikusanya maana hizo katika neno moja. Zinategemeana. Kumbukumbu ya akilini bila kitu cha kuishikilia hufifia, na kila anayesimulia huongeza bao lake. Jezi bila maandishi hubaki kitambaa. Hakuna ajuaye aliyeivaa, siku gani, dhidi ya nani. Na maandishi yasiyosomwa na mtu yeyote huishia kufungiwa karanga. Methali yetu imeshasema: mali bila daftari huisha bila habari. Tumezoea kuitumia methali hiyo kwa wafanyabiashara. Mimi nasema inawahusu mashabiki wa kandanda vilevile, kwa kuwa furaha ya watu ni mali, na urafiki wa miaka thelathini ni mali.

Tazameni pia neno "shabiki". Katika siasa, tukimwambia mtu "acha ushabiki", tunamaanisha aache kupenda upande wake bila kufikiri. Uwanjani neno hilo halina aibu. Mshabiki ni mtu apendaye. Lakini hatari ya maana ile ya kwanza haiko mbali. Kinachomtofautisha mshabiki mpenzi na mshabiki kipofu ni uwezo wa kuangalia nyuma na kusema: hapa tulishinda kwa haki, hapa tulifanya vibaya, hapa tulimtukana mwamuzi asiye na kosa, fedha hizi zilitumika hivi. Anayekataa kuandika hujinyima uwezo huo.

Tunajua ya London, hatujui ya mtaani

Mwezi uliopita nilifanya jaribio dogo darasani. Niliuliza: "Arsenal ilianzishwa mwaka gani?" Mikono saba iliinuliwa mara moja, na jibu likaja sahihi: 1886. Mvulana mmoja akaongeza kwamba waanzilishi walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha silaha huko Woolwich, ndiyo maana kuna mzinga katika nembo. Nikampongeza kwa dhati, kwa sababu elimu ni elimu. Kisha nikauliza: "Ni nani alikuwa wa kwanza kupiga ngoma katika jukwaa la mashabiki wa Espoir?" Kimya. "Mashabiki wetu walisafirije kwenda Huye kabla hamjazaliwa?" Kimya. "Katika nyumba zenu, nani ana picha ya timu yetu?" Msichana mmoja aliinua mkono. Baba yake anayo, alisema, lakini iko nyuma ya kabati, imeloa.

Hakuna ubaya kuipenda Arsenal. Mwaka 2018 jina la nchi yetu lilianza kuonekana kwenye mkono wa jezi ya klabu hiyo, na ilikuwa haki ya kijana wa Kamembe kuliona na kufurahi. Lakini tujiulize kwa nini mvulana yule anajua habari za wafanyakazi wa karne ya 19 waliokuwa ng'ambo ya bahari, na hajui habari za fundi, mvuvi na dereva waliokuwa wakisafiri na babu yake. Jibu ni jepesi: wale wana makumbusho. Jezi zao zimewekwa nyuma ya kioo, picha zao zina tarehe, na historia yao imeandikwa na kuandikwa tena. Waliona kwamba mambo ya watu wa kawaida yanastahili karatasi. Sisi tunadhani karatasi ni kwa ajili ya wakubwa.

Wala mtu asiniambie kwamba jambo hili ni la Wazungu. Nendeni Dar es Salaam. Yanga huhesabu umri wake tangu 1935, watani wake tangu 1936, na mtoto wa mtaani atakueleza kwamba Simba iliwahi kuitwa Sunderland, na kwamba jina la sasa lilikuja mwaka 1971. Vilabu vile vina matawi, matawi yana wanachama, wanachama wana kadi, na kwa wengi kadi hiyo hutunzwa pamoja na vyeti vya familia. Njooni hapa kwetu: Rayon Sports ilizaliwa Nyanza mwaka 1968, mwaka uleule Gor Mahia ilipozaliwa Kenya. Mwaka 2018 vilabu hivyo viwili na Yanga vilikutana katika kundi moja la Kombe la Shirikisho la Afrika, na Rayon Sports ikafika robo fainali. Mashabiki waliokwenda uwanjani siku zile walijua wanasimama katika mstari mrefu wa watu. Kujua hivyo ni nguvu. Mtu asiyejua kwamba kuna waliomtangulia hudhani mambo yote yameanza na yeye, na yakiharibika hudhani pia yamekwisha na yeye.

Na yanaharibika. Msimu wa 2022/2023 ulipomalizika, Espoir FC ilishuka daraja. Timu inaposhuka, watazamaji hupungua na wadhamini huenda kwingine. Ni nini kinachobaki mkononi mwa mshabiki katika miaka ya ukame? Hakibaki kingine ila kumbukumbu. Timu isiyo na kumbukumbu ikishuka daraja huanguka mara mbili: mara ya kwanza katika msimamo wa ligi, mara ya pili katika mioyo ya watu.

Uwanja wetu una majina mengi ndani yake

Sasa nizungumze jambo zito, na naomba mlisome polepole.

Uwanja ambao leo twauita Uwanja wa Rusizi ulijulikana kwa miaka mingi kwa jina la Kamarampaka. Ninyi mnaosema Kinyarwanda mnaelewa neno hilo: "kumara" ni kumaliza, "impaka" ni ubishi. Ni neno la kura ya maoni, na lilipata umaarufu kwa kura ya Septemba 1961 iliyouondoa ufalme. Katika Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokuwa wamekimbilia Kanisa Kuu la Cyangugu walihamishiwa katika uwanja huo. Waliambiwa watalindwa. Kisha majina yaliitwa kutoka katika orodha, na waliotajwa wakatolewa na kuuawa. Ushahidi wa mambo hayo ulisikilizwa Arusha mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, katika kesi ya Cyangugu iliyotolewa hukumu Februari 2004.

Nchi yetu inajua orodha inaweza kufanya nini. Kwa sababu hiyo, niliposhika ile karatasi ya karanga yenye majina kumi na tisa, mkono wangu ulitetemeka kidogo. Hii nayo ilikuwa orodha. Lakini watu hawa walijiandikisha kwa hiari yao. Waliandikwa ili wapate nafasi katika gari, ili mchango wao ujulikane, na ili mwenzao aliyefiwa asiachwe peke yake. Hapakuwa na kabila mbele ya jina lolote. Palikuwa na mia tano, elfu moja, bado.

Hebu fikirini: orodha za kuua zilitafutwa, zikasomwa, zikahifadhiwa kama ushahidi, na ni haki kabisa kwamba zihifadhiwe, ili asitokee mtu wa kukana yaliyotendeka. Basi kwa nini orodha za watu waliokaa jukwaa moja baada ya maafa yale, wakachangiana nauli na rambirambi, zitupwe? Je, hizo nazo si ushahidi? Watoto wetu wakiuliza jinsi Wanyarwanda walivyojifunza tena kukaa pamoja, tutawaonyesha nini? Tutawaonyesha hotuba tu? Mimi ningependa niwaonyeshe daftari lile.

Kuna kisa kinachojulikana sana, nanyi mkikitafuta mtakipata. Eric Eugène Murangwa alikuwa mlinda mlango wa Rayon Sports mwaka 1994. Mashabiki walimwita Toto, na mwanafunzi yeyote wa Kiswahili ataona jina hilo limetoka wapi. Mauaji yalipoanza Kigali, askari waliingia nyumbani kwake, wakapekua na kutupa vitu chini. Miongoni mwa vitu hivyo mlikuwa na albamu ya picha za timu. Askari mmoja aliziona picha zile, akatambua kwamba mtu aliyekuwa mbele yake ni Toto wa Rayon Sports, na hasira ikageuka kuwa mazungumzo ya mpira. Murangwa alinusurika siku ile, na katika siku zilizofuata wachezaji wenzake walikuwa miongoni mwa waliomsaidia kuishi. Baadaye aliifanya soka kuwa njia ya kufundisha upatanisho, na bado anasimulia.

Sitaki mtu achukue kisa hiki na kusema kwamba mpira huokoa watu. Mpira haukuwaokoa wengi. Wachezaji waliuawa, mashabiki waliuawa, na wapo mashabiki walioua. Nasema jambo dogo kuliko hilo. Albamu ile ilimkumbusha mtu mwenye bunduki kwamba huyu aliye mbele yake ana jina na ana kazi, na kwamba waliwahi kufurahi pamoja. Hiyo ndiyo kazi ya kumbukumbu. Wale wanaotaka kuua huanza kwa kusahau.

Wanaonipinga

Nimekwisha kulizungumza jambo hili na watu kadhaa, nami nimepata majibu. Ni haki niyataje na kuyajibu.

Wa kwanza wanasema: "Mwalimu, watu wanatafuta chakula, wewe unataka makumbusho." Sijaomba makumbusho. Naomba kabati moja lenye kufuli, mahali pakavu, na daftari la kuandikia kilichomo. Chama kinachoweza kukodi basi kupita msitu wa Nyungwe hadi Kigali, safari ya zaidi ya kilomita 200, hakiwezi kushindwa na kabati. Umaskini haukumzuia mzee yule kuandika. Alikuwa na kalamu, rula na uaminifu. Tusiutupie umaskini makosa ya uvivu.

Wa pili ni vijana wenzangu. Wanasema: "Siku hizi kila kitu kiko kwenye simu." Nawauliza: onyesha picha ya mechi ya miaka sita iliyopita. Simu ile iliibiwa, au ilianguka ziwani, au ilijaa ikafutwa. Kundi la mashabiki la WhatsApp hupokea mamia ya ujumbe kwa siku moja, na siku ya tatu hakuna awezaye kuipata picha nzuri katikati ya vichekesho na matangazo ya viatu. Simu ni chombo kizuri cha kukusanyia. Kutunza ni kazi ya mtu aliyepewa jukumu na anayeulizwa. Picha isiyo na jina, tarehe na mahali, hata ikiwa ndani ya simu ya bei ghali, ni yatima.

Wa tatu husema kwamba kandanda ni mchezo, na shule ina mambo muhimu zaidi. Hawa wanaheshimika, na baadhi yao ni walimu wenzangu. Lakini nawaomba wazisome kurasa kumi na moja nilizonazo. Katika ukurasa mmoja mashabiki wanamchagua mweka hazina: watu wawili waligombea, kura zikahesabiwa, na aliyeshindwa akapewa kazi ya kutunza ngoma. Katika ukurasa mwingine kuna ugomvi kuhusu faranga elfu nne zisizojulikana zilipo, na wiki mbili baadaye kuna maelezo: zilipatikana, zilikuwa kwa dereva. Katika mwingine kijana mmoja anaonywa kwa kumrushia chupa mshabiki wa timu pinzani. Niambieni, ni somo gani la uraia linalofundisha zaidi ya hayo? Uchaguzi, uwajibikaji wa fedha, nidhamu, kumheshimu mpinzani: yote yamo, na waliyoyaandika walikuwa watu wa kawaida ambao hakuna aliyewaita wanazuoni.

Wa nne ndio wanaonisumbua usiku. Husema kwa sauti ya chini: "Usichimbe mambo ya zamani. Katika picha za zamani wamo waliouawa, na huenda wamo walioua. Acha zioze." Siwezi kuwajibu kwa mzaha. Najua kuna nyumba ambamo picha moja inaweza kuharibu chakula cha jioni. Kwa hiyo nasema picha za namna hiyo zisibandikwe ukutani kama mapambo, na zisitolewe kabla ya wenye machungu kuulizwa. Lakini kuziacha zioze ni jambo jingine. Katika picha ya timu ya miaka ile, aliyeuawa huenda amesimama akitabasamu, mkono wake juu ya bega la mwenzake. Na inawezekana kabisa kwamba hiyo ndiyo picha pekee iliyobaki duniani ya uso wake. Nani kati yetu ana haki ya kuiacha ioze?

Lugha ya jukwaani

Kuna sababu nyingine inayonihusu kama mwalimu wa lugha. Kurasa zile zimeandikwa kwa Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa kidogo, wakati mwingine katika sentensi moja. Mwandishi anasema "umukino" mahali pamoja na "mechi" mahali pengine. Anaandika "kapiteni", "refa", "kipa", "jezi", "pesa ya gari". Wapo watakaocheka na kusema kwamba hicho si Kiswahili sanifu. Mimi sikucheka. Kiswahili hakikuanza kuzungumzwa Kamembe siku kilipofanywa lugha rasmi mwaka 2017. Kilikuwa sokoni, kilikuwa darajani, kilikuwa jukwaani. Ng'ambo ya mto Rusizi, huko Bukavu, kuna klabu iitwayo Muungano, jina la Kiswahili kabisa. Na watu wa pande hizi mbili wamekuwa wakitaniana kuhusu mpira kwa Kiswahili kwa miaka mingi. Mwaka 2004, Amavubi walipoifunga Kongo bao moja kwa bila katika Kombe la Mataifa ya Afrika huko Tunisia, utani huo ulihitaji lugha ambayo pande zote mbili zingeielewa, na lugha hiyo ilikuwapo.

Sasa, mnapoambiwa kwamba Kiswahili ni lugha ngeni iliyoletwa na mtaala, mnaweza kujibu kwa ushahidi gani? Ushahidi ulikuwa katika madaftari yale. Sehemu kubwa imefungiwa karanga. Mwanahistoria Laura Fair alipoandika juu ya soka ya Zanzibar ya zama za ukoloni, alikaa na wazee, akawahoji, akaonyesha jinsi mpira ulivyokuwa sehemu ya maisha na siasa za watu. Alitoka Marekani kwenda kuwasikiliza. Wazee wetu wanakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Tufanye nini?

Polemiki isiyo na pendekezo ni kelele, na kelele tunazo za kutosha uwanjani. Mapendekezo yangu ni manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Kwanza, kila kundi la mashabiki lichague mtunza kumbukumbu, kama linavyomchagua mweka hazina. Asiwe katibu, kwa sababu katibu ana kazi nyingi. Awe mtu wa kazi hiyo moja, na kila mwaka asimame mbele ya wanachama aonyeshe kilichomo kabatini.

Pili, kila kitu kiandikiwe kadi yenye maelezo matano: ni nini, kilikuwa cha nani, cha lini, kilitumika wapi, nani amekitoa. Kitu kikiwa cha familia, familia iruhusiwe kukichukua tena. Tukiwanyang'anya watu masanduku yao kwa jina la historia, tutakuwa hatuna tofauti na wauza karatasi.

Tatu, katika mkutano unaofuata baada ya umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu waombwe kwa adabu kuleta picha na vitu vya mpira ili vipigwe picha na kurudishwa siku hiyohiyo. Siku moja ingetosha kuanza.

Nne, timu zinazosaidiwa kwa fedha za umma ziwekewe sharti dogo: sehemu ndogo ya msaada huo, hata thamani ya mpira mmoja, itumike kutunza historia ya timu. Tunalipa wachezaji wanaokuja na kuondoka kila msimu. Mji unabaki.

Nami nimeanza. Kurasa kumi na moja na ile ya karanga, yenye mafuta bado, ziko ndani ya faili la plastiki mezani kwangu. Nimewatafuta wale wajukuu. Hawakukasirika, walishangaa. Mdogo wao aliniomba nimsomee ukurasa mmoja, nikamsomea ule wa uchaguzi. Aliposikia kwamba babu yake ndiye aliyehesabu kura, aliniuliza: "Mwalimu, alihesabu sawasawa?" Nikamwonyesha. Jumla ilikuwa sahihi.

Kazi ya nyumbani

1. Eleza kwa mifano yako mwenyewe maana tatu za neno "kumbukumbu".

2. Jadili methali "Mali bila daftari huisha bila habari" kwa kurejelea chama chochote unachokijua: cha michezo, cha akiba au cha kwaya.

3. Mtafute mzee mmoja wa mtaani kwako aliyekuwa mshabiki wa kandanda. Msalimu vizuri, omba ruhusa yake, kisha umwulize maswali matano kuhusu safari moja ya mechi. Andika majibu yake kama alivyoyasema, usimsahihishe lugha. Mwachie nakala.

4. Mwalimu amedai kwamba picha za zamani zisiachwe zioze. Andika insha ya kurasa mbili ukimuunga mkono au ukimpinga. Atakayenipinga kwa hoja nzuri atapata alama sawa na atakayeniunga mkono.